Wanawake Waliokwenda kwa Mfalme

"Ukame ulikausha ngano, kisha mvua ya mawe ikamaliza iliyobaki," mwalimu wa historia aliwaambia wanafunzi wake pale Gulwe. "Mkate ukapanda bei. Wanawake wa Paris wakatembea kwa miguu, mvua ikiwanyeshea, hadi kwa mfalme."

Anyesi alinyoosha mkono. Ilikuwa siku yake ya kwanza darasani tangu mafuriko yamchukue mama yake. Daftari lake lilikuwa limekauka likajikunja, na kila ukurasa ulidondosha vumbi la tope.

"Mfalme aliwaambia wasubiri?"

"Aliwaahidi nafaka. Lakini wengi hawakuondoka. Walilala pale pale."

"Mama na wenzake nao walitembea hadi wilayani, kuomba tuta la mto lijengwe. Wakaambiwa wasubiri bajeti. Mama alitaka warudi, wakalale pale pale ofisini. Akaja kwako kuomba ushauri, Mwalimu. Nilikuwepo."

Mwalimu alijipangusa chaki vidoleni, kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu.

"Nilimwambia awe na subira," alisema hatimaye. "Andikeni na hilo."