Sanduku Linaloelea

"Kata!" Zornitsa alipiga kelele kwa mara ya tisa.

Sanduku la safari la mtu anayeuawa kwenye filamu lilikuwa linaelea mtoni kama bata. Mjomba Lazo, jirani yao, aliyeigiza muuaji, alisimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Hii filamu yako ina mapengo, binti. Muuaji gani anatupa sanduku linaloelea? Watoto wa chekechea watakucheka."

Ilikuwa filamu ya dakika kumi na moja, kuhusu mtu aliyeaga kwenda Uhispania kuchuma machungwa, asifike. Kijiji kizima kilijua ni Genko, baba yake Zornitsa, mwaka wa tisa sasa. Wengine walisema ana mke mwingine huko. Langoni pa wajane wa kijiji palibandikwa karatasi yenye picha ya marehemu na tarehe ya kifo, ila pa mama yake palikuwa patupu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumpa tarehe. Zornitsa alitaka kumpa mama yake mwisho wa kisa hicho kabla hajafumba macho.

"Basi nisaidie, mjomba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningelichoma. Kwenye moto wa mtambo wa kijiji, pale tunapopikia rakia, pombe yetu ya plamu. Msimu wa plamu moshi haukatiki pale, nani atauliza?"

Zornitsa alishika kalamu juu ya daftari. Ognyan, mpiga picha kutoka mjini, alikuwa amesahau tena kufungua kifuniko cha lenzi.

"Na huyu umemwokota wapi?" Lazo alicheka. "Anashika kamera kama kuku mgonjwa."

Ognyan alitabasamu, akafungua.

"Lakini anamuua kwa nini?" Zornitsa aliuliza. "Kila niliyemsomea ananiuliza hilo hilo. Mimi sijui."

Lazo alijikuna shingo.

"Zamu. Huyo msafiri kaingilia zamu ya mwenzake kwenye mtambo. Plamu za mwenzake zinaozea mapipani, yeye anacheka. 'Kanywe maji,' anamwambia. Mbele ya watu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Si lazima liwe jambo kubwa, mwanangu."

"Hapo sawa. Basi Alhamisi anamuua, anachoma sanduku, halafu mwili..."

"Alhamisi haiwezekani! Alhamisi bomba la mtambo lilikuwa limepasuka, moto haukuwashwa. Weka Jumamosi. Na mwili achana na mto. Nyuma ya mtambo, panapomwagwa majivu, ardhi ni laini."

"Jumamosi," Zornitsa alirudia.

"Umeona? Sasa inaeleweka. Haya, piga picha, wewe!"

"Nimeshapiga yote," alisema Ognyan. Akaweka kamera chini, akatoa pingu kwenye mfuko wa betri.

Zornitsa alifungua daftari. Ndani hamkuwa na hadithi yoyote, ila karatasi moja yenye picha ya baba yake, na chini ya picha nafasi tupu. Akaandika tarehe ya Jumamosi ya wiki ile baba yake alipoaga.