Kaburi la Mchezo

Tunu alikuwa ameshatundika mizuka miwili kwenye mpera mbele ya nyumba, mashuka meupe aliyoyafunga vichwa vya matambara. Sasa alirundika udongo kwa jembe uwe kaburi, akasimamisha ubao mtupu kichwani pake.

"Kwetu kule ng'ambo, kila mwaka siku hii ya mizuka tunatishana, halafu tunacheka," alimwambia bibi yake. "Baba ndiye alikuwa anachimba."

Bi Sikudhani alimtazama mjukuu wake akiuchonga udongo. Mwanawe, baba yake Tunu, alizikwa huko huko ughaibuni, na yeye alikataa katakata kuweka matanga. Angekaaje kumlilia mtu ambaye hata kaburi lake hakuliona?

Bi Chausiku, jirani yao, alipita akaona udongo mbichi na nguo nyeupe, akarudi kwake mbio. Punde akaja na wenzake, kanga vichwani, wamebeba sukari na mkeka.

"Poleni jamani! Mbona hamkutuita? Nani ametutoka?"

Tunu aliona haya. "Shikamooni. Ni mchezo tu. Nausawazisha udongo sasa hivi."

Lakini jembe lilikuwa tayari mkononi mwa bibi yake. Bi Sikudhani akaliegemeza ukutani, akaupokea mkeka, akautandika kando ya kile kirundo cha udongo. Akaketi, akanyoosha miguu.

"Mwanangu," alisema. "Shabani wangu."

Wanawake wakavua viatu, wakaketi naye. Upepo ukayajaza yale mashuka juu yao. Tunu akaokota kipande cha mkaa, akapiga magoti mbele ya ubao.