Kilo Mia na Ishirini na Sita

Profesa Apenisa alisukuma sahani ya palusami, majani ya magimbi yaliyoiva kwenye tui zito, akasema ameshiba. Meza nzima ikamgeukia. Mtu wa kilo mia na ishirini na sita hashibi kwa vijiko viwili, na pale Suva, mji mkuu wa Fiji, kukataa chakula cha mkeo mbele ya ndugu zake si jambo dogo.

"Huyu ana mwanamke nje," Vasiti alimnong'oneza dada yake, Litiana, mke wa Profesa, walipokuwa jikoni. "Mwanamume wa miaka sitini na nne hajikondeshi bure."

Litiana hakutaka kuamini. Miaka thelathini na tano ameishi na mwalimu wa anatomia, mtu anayekula kuku huku akitaja kila mfupa, anayewashika wageni bega na kuwaambia msuli wao unaitwaje. Hadithi zake zote ni za chuoni. Juzi tu alilalamika kwamba maiti waliyoletewa ilikuwa ya mtu mnene, wanafunzi wamehangaika na mafuta siku nne na ini hawajaliona. Sasa mtu wa namna hiyo hawara atampata wapi?

Lakini miezi ikapita, na Profesa kila asubuhi anakimbia kando ya bahari, akirudi anajipima. Kisha siku moja Litiana akamsikia uani akiongea na simu.

"Usiwe na haraka, Ulamila, nitakuja tu," alisema huku akicheka. "Nguo za nini? Nitakuja mtupu kama wengine. Ndiyo, miaka miwili kwako, halafu narudi kwa mke wangu. Hapana, hajui bado. Nikimwambia ataninunia."

Eti ataninunia. Litiana alilia mpaka kanga ya jikoni ikalowa, kisha akakata tiketi ya meli ya kwenda Levuka kwa kaka yake. Mume akae miaka miwili kwa mwanamke mwingine, halafu arudi apikiwe chai? Hapana, mwambie mwingine.

Asubuhi ya safari, begi likiwa mlangoni, ikaletwa barua. Nyuma ya bahasha palikuwa na jina la Ulamila. Litiana akaingia nayo sebuleni, akamkuta mumewe amesimama kwenye mizani.

"Baba Tomasi, Ulamila wako ameandika. Nisomee."

Profesa alishuka taratibu. "Mama Tomasi, keti kwanza."

"Siketi. Soma."

Profesa aliigeuzageuza bahasha bila kuifungua. Litiana akamnyang'anya, akaichana, akasoma mwenyewe kwa sauti:

"Profesa, hongera. Umeshuka mpaka kilo mia moja, ambazo ndizo mwisho wa uzito tunaopokea, na jina lako tumeliandika. Ukifariki tutakaa nawe miaka miwili, wanafunzi wako wajifunze, kisha tutakurudisha kwa mkeo akuzike. Tafadhali usiharakishe. Ulamila, Ofisi ya Kupokea Miili, Idara ya Anatomia."

Litiana aliikunja barua, akavua viatu vya safari, akaingia jikoni. Mchana alimwekea mumewe sahani tatu za palusami, akaketi mbele yake mpaka akazimaliza zote, kisha akamwambia apande tena kwenye mizani.