Sahihi ya Profesa

Zawena alimkuta Profesa Kagemulo barazani, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Alikuwa amekuja kumwomba barua za mapendekezo za kupeleka vyuo vitatu, kwa kuwa ndiye aliyemsimamia tasnifu yake, na kesho yake maombi yalikuwa yanafungwa.

"Karibu, mwanangu," profesa alisema. "Wewe ni binti wa nani?"

"Ni mimi Zawena, Profesa. Ulinisimamia ule utafiti wa udongo."

"Udongo," alirudia, akatabasamu kama mtu aliyetajiwa mji aliowahi kuishi zamani. Kisha akamuuliza tena yeye ni binti wa nani.

Mkewe alimvuta Zawena pembeni. "Tangu apate kiharusi yuko hivi, na chuoni bado hatujasema. Hizo barua ulizofuata ziandike mwenyewe, mama. Mimi nitamshika mkono atie sahihi."

Zawena aliandika palepale mezani, akijisifu kwa maneno aliyotamani miaka yote kuyasikia kinywani mwa mzee yule. Alipomaliza, mke alimshikisha mumewe kalamu, akaufunika mkono wake kwa wa kwake.

"Natia sahihi nini?" profesa aliuliza.

"Barua za huyu binti. Anataka kwenda kusoma."

Profesa alimtazama Zawena kwa makini, kwa macho yaleyale yaliyokuwa yakimtoa jasho darasani.

"Ni mwanafunzi mzuri?"

Mkewe naye aligeuka kumtazama Zawena, na ile mikono miwili ikabaki juu ya karatasi, imeishika kalamu, inangoja.