Maskini wa Kawaida

"Elfu tisini," alisema karani wa mahakama kutoka nyuma ya kioo. "Taslimu."

Fundi cherehani aliinama kwenye kitundu cha dirisha. "Mama, labda hatujaelewana. Mimi nimekuja kuandikishwa muflisi. Sina kitu."

"Nimekuelewa. Ada ya wasio na kitu ni elfu tisini."

"Na nikiikosa?"

"Ukiikosa huwi muflisi. Unabaki maskini wa kawaida tu, na hao hatuwashughulikii hapa." Akamsukumia fomu. "Jaza, tia sahihi. Hata ndugu yako anaweza kuileta, mradi aje na ada. Ijumaa saa sita nafunga."

Mwingine angetoka pale akilia. Fundi alishukuru, akaikunja fomu vizuri, akaenda zake.

Aliijaza dukani kwake kwa mwandiko wa kupendeza. Madeni: kodi ya duka, miezi mitano. Mali: cherehani moja, inaruka nyuzi. Akiba: hakuna. Juu ya cherehani, kwenye msumari, lilining'inia koti zito la kijivu ambalo mteja mmoja alilileta kurekebishwa miaka kumi na moja iliyopita, asirudi tena. Watu kadhaa walishalitaka, fundi akakataa katakata. "La watu hilo," alikuwa akisema, "mwenyewe atakuja." Na kila Jumamosi akishafunga mlango, alilishusha akaliongezea mshono mmoja miwili kwenye bitana. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa amana.

Jumanne alianzia kwa Shangazi. Shangazi alimpokea kwa furaha, maana alikuwa na ombi lake la mabati ya jikoni alilolipanga tangu asubuhi. Fundi alimwahi. Alikunjua fomu, akamsomea kwa sauti mpaka penye "Akiba: hakuna," akapangusa macho.

"Elfu tisini tu, Shangazi. Mwenye nyumba akinitangulia, cherehani inakwenda."

Shangazi aliyameza mabati yake. "Mwanangu, ningekuwa nazo..."

"Najua, Shangazi. Wala usijisumbue." Akaaga upesi, hata chai hakungoja.

Akaenda kwa Shemeji, mume wa dada yake, mtu ambaye salamu zake zote huishia kwenye "nikopeshe kidogo." Siku hiyo alikuwa ameshafungua mdomo alipoiona fomu. Akaufunga.

"Kumbe hali imefika huku, Shemeji?"

"Ndiyo hivyo. Mkono mtupu haulambwi."

Kaka mkubwa, dereva wa lori, ndiye aliyempa taabu. Aliisoma fomu mara tatu, midomo ikitikisika. "Sisi ndio tuliokumaliza, mdogo wangu," alisema mwishowe. "Leo karo, kesho matairi. Hujawahi kutuambia hapana." Hapo fundi aliona aibu, aibu ya kweli, akatazama viatu vyake. Lakini ilipita. Alimwachia fomu awaonyeshe na ndugu wengine, kisha akarudi kazini.

Jumatano simu haikulia. Alhamisi haikulia. Hakuna ndugu hata mmoja aliyekanyaga dukani. Fundi alishona huku akipiga mluzi, majirani wakasikitika wakasema masikini, shida zimeanza kumpanda kichwani.

Ijumaa asubuhi Shemeji alitokea mlangoni anahema. "Shangazi anakuita, sasa hivi. Nenda, mimi nitakushikia duka."

Kwa Shangazi hapakuwa na jambo lolote. Aliketishwa, akapewa chai, akaulizwa habari za afya, za mgongo, za macho, za usingizi. Kila akitaka kuinuka anaongezewa kikombe. Saa sita ikapita. Ndipo Shangazi akavaa viatu, akamshika mkono kama mtoto, wakarudi dukani pamoja.

Kaka mkubwa na Shemeji walikuwa wamesimama mlangoni, wamechomekea mashati. Kaka alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na risiti ya elfu tisini, fomu yake, na karatasi yenye muhuri na jina lake: kuanzia leo, muflisi.

"Umeshalipiwa," Kaka alisema. "Miaka yote umetubeba wewe. Safari hii tukasema hapana, na sisi tukubebe."

Shangazi alikuwa analia waziwazi. Hata fundi macho yalimjaa, kwa maana hakulitegemea hilo kutoka kwa watu hawa. Aliona amewafikiria vibaya miaka mingi.

"Lakini elfu tisini," alisema, "nyinyi mmezitoa wapi?"

Kaka na Shangazi wakamtazama Shemeji. Shemeji akajikohoza kwa fahari.

"Nilimwita mnunuzi wa mitumba. Kwanza akataja elfu kumi, nikamwambia ondoka. Halafu akalishika. Akalipima mkononi, akalibonyeza mabegani, akabonyeza na huku chini kwenye pindo, akanyamaza. Nikamwambia tisini. Akalipa zote palepale, Shemeji, hakuomba apunguziwe hata mia. Na mbio alizoondoka nazo, nadhani aliogopa nitabadilisha mawazo."

Fundi aliinua macho polepole juu ya cherehani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Najua ni la watu," Shemeji alisema. "Lakini miaka kumi na moja, jamani. Mwenyewe angekuja lini?"

Fundi alikaa. Noti moja kila Jumamosi, miaka kumi na moja, na mshono mmoja miwili juu yake. Aliivuta ile fomu akaisoma taratibu kutoka juu mpaka chini, madeni, mali, akiba. Sasa kila neno lilikuwa kweli, na ada ilikuwa imeshalipwa.