Swali la Mtu Mmoja

Idara ya Maswali inautangazia umma kwamba swali nambari saba, "Kwa nini anga ni la buluu?", litachapishwa upya kwa herufi kubwa zaidi.

Bi Mwanaisha Shekue alilisoma tangazo hilo akiwa kwenye foleni. Kwa mujibu wa sheria, wanasayansi hujibu tu maswali yaliyoulizwa na watu mia moja. Yeye alitaka kujua kwa nini macho ya mumewe yanafifia tangu waanze kunywa maji ya kisima kipya.

"Swali zuri, mama," karani alisema, "ila uko peke yako."

"Majirani nao wameanza kuchota hapo, mwanangu. Nisubiri wapofuke?"

"Wakija wenyewe tutawaandika."

Baada ya mwezi alirudi na majirani wawili, mmoja akipapasa ukuta. Idara iliguswa sana, ikaamua kushusha kiwango hadi watu tisini na tisa.