Mfupa Haukushika

Kwa miaka tisa Bi Rehani alimwambia Daktari Mshangama kwamba paja linamuuma kila akiinuka, na kwa miaka tisa alijibiwa kuwa ni uzee. Alimwamini. Ndiye aliyemtia nyonga ya chuma, ile isiyogandishwa mfupani kwa saruji ya kitabibu, akamwahidi kwamba mfupa wenyewe utaota na kukikumbatia chuma.

Asubuhi hiyo Mshangama alikuwa safarini. Aliyempokea ni daktari mgeni, binti mpole aitwaye Zawena. Alitundika picha ya eksirei mbele ya taa, akamwonyesha mstari mweusi uliokizunguka chuma.

"Mama, mfupa haukushika. Chuma kinacheza."

"Tangu lini?"

Zawena alichomoa kwenye faili picha ya miaka saba nyuma. Mstari ulikuwapo, mwembamba. Karatasi iliyobanwa nayo ilikuwa na mwandiko ambao Bi Rehani aliujua, maana ndio uliomwandikia dawa zote: *Kimelegea. Mgonjwa asiambiwe kwa sasa.*

Aliyasoma maneno yale mara mbili. Akakumbuka masinia ya halua aliyompelekea Mshangama kila Idi, kwa shukrani.

"Itabidi upasuliwe upya," Zawena alisema taratibu. "Daktari anarudi Jumatatu. Ungependa akufanyie yeye?"

Bi Rehani aliomba kalamu, akaivuta ile karatasi, na chini ya mwandiko wa Mshangama akaandika polepole: *Nimeambiwa leo.* Akatia tarehe na jina lake kamili. Zawena alinyoosha mkono kupokea kalamu, lakini Bi Rehani alikuwa bado ameishika juu ya karatasi.